Ambulensi Yangu, Kuku Yangu, na Huyo Kipketer

Jumatatu, 5 Machi 2007

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Mimi! Kushindwa na chai!

Leo ambulensi yangu ilikuwa imepaki Kamukuywa sokoni, karibu na kliniki ya Daktari Wabwile. Karibu kabisa, unasikia watu wakikohoa ndani. Mgonjwa anatoka, anapelekwa hospitali kubwa Bungoma. Nani anambeba? Kipketer! Kipketer wa huko Kachibora, na ile gari yake nyeupe ya king'ora. Hata yangu ni nyeupe, ukiiosha.

Nikaenda kwa Nasambu, yule anauza chai kwa geti ya kliniki. Nasambu haibi siri ya mtu, anapewa tu. Akaniambia Kipketer aliletea Daktari saa ya ukutani, gunia ya viazi na kibuyu nzima ya mursik, ile maziwa yao ya kugandisha. Ndiyo maana kila mgonjwa ni wake. Hongo! Mchana peupe! Kwani mgonjwa ni mahindi, ati lazima apitie kwa broka?

Nikamwendea Sista Jerono, nesi wa pale. Msichana mdogo, lakini uso umekaza kama amemeza mwiko. Akasema ati mgonjwa aende na gari iko karibu na iko tayari, mambo ya zawadi isiingie hapo. Halafu akaniuliza, "Mama Ian, huo mtungi wako wa oksijeni ulijazwa lini?" Nikamwambia asinibadilishie stori. Hiyo oksijeni ni ya dharura.

Nimeamua. Na mimi nitampelekea Daktari kitu. Lakini yangu si hongo. Hongo ni ya Kipketer. Yangu ni heshima. Sisi watu wa Bungoma hatuingii kwa mtu mikono mitupu.

Jumanne, 6 Machi

Nimechinja ile jogoo yangu kubwa, ile ilikuwa inafukuza mbwa. Nimeipika mwenyewe. Harufu ilitembea hii Kitale yote, mpaka Mama Wangui wa hapa jirani akaja kuomba chumvi na yeye ako na chumvi. Ugali ya wimbi kando. Nikafunga sufuria na leso, nikampa Makokha.

Makokha ni ndugu mdogo wa bwana yangu Eliakim, ndiye dereva wa ambulensi. Mtu mzuri, lakini tumbo yake haina mlango. Nikamwambia aende moja kwa moja, asisimame Kiminini hata akiitwa na pasta.

Kipketer ameisha. Kwisha yeye! Nalala nikicheka.

Alhamisi, 8 Machi

Daktari hashiki simu. Jana hakushika. Leo amezima kabisa.

Nikateremka Kamukuywa mwenyewe. Nasambu aliponiona tu akashika mdomo. Kumbe Jumanne Daktari alikuwa na baba mkwe wake, mzee wa Kimilili. Sufuria ikafunguliwa mbele ya huyo mzee. Daktari akatafuta imondo, ile firigisi, ampatie mkubwa vile inatakikana. Akapindua mapaja. Akapindua shingo. Akakoroga supu mpaka chini. Hakuna! Mzee akanawa mikono, akauliza kama katika hiyo boma yeye ni mwanamke ama ni mtoto.

Imondo! Kuku bila imondo ni matusi imepikwa! Afadhali ningetuma jiwe na kachumbari.

Nikamshika Makokha na shati. Akakataa, akakataa, halafu akasema alikuwa anaonja tu chumvi. "Shemeji, ilikuwa inaniangalia." Inakuangalia! Imondo ina macho? Kama hangekuwa shemeji yangu saa hii angekuwa analala kwa ambulensi kama mgonjwa.

Na Kipketer akapita polepole na gari, akateremsha kioo. "Mama Ian, habari ya kuku?" Amesikia! Endebess wamesikia! Nasambu huyo, ulimi ni kama redio ya betri mpya. Mimi sipendi watu wa umbea.

Ijumaa, 9 Machi

Akili yangu hailali. Zawadi ya kupikwa inadokolewa njiani. Sasa zawadi inatembea na miguu yake, Makokha ataidokoa wapi?

Nimenunua kondoo dume Endebess. Ilikataa kusimama ndani ya ambulensi, kila kona inanikanyaga. Tukailaza kwa kitanda ya wagonjwa, tukaifunga mshipi, nikaifunika shuka. Kiminini watu walitupisha njia. Mama mmoja akaweka kikapu chini akaombea mgonjwa wetu. Nikasema amina.

Daktari alitazama kondoo, kondoo ikamtazama, akacheka. Amesamehe! Akaapa mbele yangu kwamba kuanzia leo hakuna mgonjwa anatoka pale bila gari ya Mama Ian. Nikamuuliza, hata nikichelewa? Hata ukichelewa. Hata Kipketer akiwa kwa geti? Hata akiwa kitandani na mgonjwa.

Sista Jerono alikuwa hapo na sindano. Akauliza, na kama mtu ako karibu kufa? Daktari akamwambia ashughulike na sindano. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jumapili, 11 Machi

Niandike tu.

Asubuhi tulienda Kachibora na Makokha kuchukulia Daktari shukrani: kabati ya vyombo, ya vioo. Zawadi ni kama moto, lazima uongeze kuni. Kurudi, mvua. Ambulensi ikazama kwa tope, kabati ndani, Makokha anasukuma na kulaani.

Simu ikalia. Daktari. Ati ako na mwanaume anaumwa tumbo, hali mbaya, anatakiwa Bungoma akapasuliwe. Na Kipketer ako kwa geti, injini inanguruma. Ampatie?

Nikapiga nduru. Usimpatie! Si tumekubaliana? Mwambie huyo mtu avumilie! Ajifunge leso! Tumbo haijawahi kuua mwanaume!

Daktari ni mtu wa kiapo. Akangoja.

Mgonjwa alikuwa Eliakim. Eliakim wangu! Alikuwa ameenda kusalimia dada yake Kamukuywa, tumbo ikamshika huko, wakambeba mbio kwa Daktari. Na hakuna mtu aliniambia jina! Na mimi sauti yangu haihitaji spika. Nasambu anasema alinisikia kutoka kwa geti. Eliakim alikuwa amelala hapo kando ya simu. Alisikia yote. Hata ya leso.

Aliyemwokoa ni Sista Jerono. Alimwambia Daktari heri afutwe kazi kuliko azikishe mtu juu ya kondoo. Akashika Eliakim mabega, Kipketer akashika miguu, wakaondoka na king'ora. Kidole tumbo ilikuwa karibu kupasuka. Wamempasua. Ako hai.

Nimelia mpaka Makokha akaanza kulia. Nimepiga magoti kwa tope nikamshukuru Mungu.

Halafu nikakasirika. Huyu ni daktari wa aina gani? Anangojesha binadamu anakufa, juu ya kondoo! Hii nchi imeoza!

Jumanne, 13 Machi

Niko Bungoma, wadi ya wanaume. Eliakim ameangalia ukuta. Ninasalimia, anavuta shuka mpaka masikio. Nimemwambia sikujua ni yeye. Akafungua mdomo mara ya kwanza tangu Jumapili: "Na kama ni mtu mwingine?" Swali gani hiyo? Dawa inampanda kichwa.

Saa hiyo hiyo Kipketer akaingia na ndizi mbivu. Eliakim akageuka! Akatabasamu! Ananunua mpaka bwana yangu, na ndizi! Huyo mtu hana haya.

Sista Jerono naye alikuja kumwona. Nikamshukuru na roho yangu yote, hiyo siwezi kuficha. Akanivuta kando, hakunigombeza. Akasema, "Mama, ulikuwa karibu kuua bwana yako na kabati." Ati hata Kipketer ameambiwa na yeye achukue tena ile saa yake ya ukutani, na amekubali. Ati gari iko karibu ndiyo itabeba, basi. Nikaitikia na kichwa. Nikalia kidogo tena.

Nimemwelewa kabisa. Makosa yangu nimeiona. Wakati huu wote nimekuwa nikimpatia mtu asiye na nguvu! Mwenye kuamua pale si Daktari, ni Jerono. Nikamuuliza polepole anapenda nini. Akasema yeye hapokei zawadi ya mtu. Sawa, nimesikia. Kondoo ni ndogo. Watu wao ni watu wa ng'ombe.

Eliakim anaruhusiwa kesho. Wamesema asikalie kiti, abebwe akiwa amelala mpaka nyumbani Kitale. Kipketer amejitolea kumpeleka. Ampeleke tu. Ambulensi yangu kesho haina nafasi, Makokha anaenda nayo Endebess kubeba ndama ya Sista Jerono.