Fundi Hupanda Kwanza

Kuna watu wakisikia kitu kinalia huuliza kina nini. Siagi yeye huuliza kina thamani gani.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mkahawani, mbele yake kikombe cha chai ambacho alikuwa bado hajaamua kama atakilipia, mlio mmoja ulipopita juu ya mabati, mrefu na mkali, wa kuumiza meno. Wateja wakaziba masikio. Mhudumu hata hakuinua kichwa.

"Winchi ya Mama Vyuma hiyo," alisema. "Breki yake inalia mwezi wa pili sasa, na mwenyewe hataki kusikia habari ya breki mpya."

"Kwa nini?"

"Ubahili, kaka. Yule mama akienda kula mchana anazima swichi kuu ya yadi nzima. Eti hawezi kula na umeme nao unakula."

Siagi akakitua kikombe taratibu, kama mtu aliyeitwa na wito wa maisha yake. Jina la Siagi hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu maneno yake yalilainisha hata mkate wa juzi. Aliwahi kumuuzia mlinzi kufuli la geti la mlinzi huyohuyo, na mlinzi akamshukuru. Kuhusu breki alijua kile anachojua kila mwenye pikipiki, kwamba ukibana inashika na ukiachia inaachia. Kuhusu shaba alijua zaidi. Alijua kwamba breki ya winchi kubwa ina sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa shaba nyekundu, na kwamba wanunuzi wa chakavu huitazama shaba nyekundu kwa macho ambayo wengine huwawekea wachumba.

Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshaingia kwenye yadi ya vyuma chakavu, kavaa kofia ngumu nyeupe na koti refu, shingoni kavaa kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo alichokinunua mitumbani kwa kazi nyingine tusiyohitaji kuieleza hapa. Mama Vyuma alisikika kabla hajaonekana, maana kiunoni alining'iniza funguo za kila kitu alichowahi kumiliki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani, na nani amekufungulia geti?"

"Mimi injinia wa breki. Geti lilikuwa wazi, mama, na mgonjwa wako alikuwa ananiita kutoka barabarani."

Mama Vyuma alimtazama kofia, akamtazama viatu, kisha akamwita dereva wa winchi amwonyeshe. Dereva alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeipenda mashine yake kama ng'ombe wa maziwa. Alimpandisha Siagi kwenye jukwaa la juu na kuanza kueleza.

"Hii ngoma inazunguka pamoja na kamba ya chuma, injinia. Viatu hivi viwili vinaibana. Kinachobana ni hii springi, usiku na mchana. Sasa umeme ukija, sumaku ndiyo inavivuta viatu viachie, mzigo unatembea. Umeme ukikatika tu, springi..."

"Sumaku ndiyo hii?" Siagi aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Nzito?"

"Nzito sana."

Siagi akatikisa kichwa kwa huruma. Hayo mengine yote hakuyasikia. Aliweka kipimo cha daktari juu ya breki, akafumba macho, akasikiliza kwa muda unaotosha kumtia hofu mtu mwenye mali, kisha akashuka.

"Mama, nisikufiche. Hii haifiki wiki ijayo."

"Si inalia tu? Kinacholia si ndicho kizima?"

"Huyu analia kwaheri." Akashusha sauti. "Mpya ukiagiza, utauza winchi ili upate hela ya breki. Lakini mimi ninayo moja, ilibaki kwenye mradi mmoja mkubwa. Nitakupa kwa nusu bei, kwa ajili ya heshima uliyonipokea nayo."

Heshima yenyewe ilikuwa kuulizwa nani amemfungulia geti. Lakini bahili akisikia nusu bei huwa haulizi nusu ya nini. Mama Vyuma alitoa malipo ya kwanza kutoka ndani kabisa ya nguo zake, na akasema mzigo wenyewe, ule mnono, utatoka siku breki mpya itakaposhika. Hata akamwonyesha bahasha ilivyotuna. Siagi aliiona bahasha ile na moyo wake ukaolewa palepale.

"Na hii maiti nitakuondolea bure," alisema, breki ya zamani ilipokwisha kufunguliwa na kushushwa, akiifunga nyuma ya pikipiki yake nyekundu. "Breki iliyokufa ina vumbi baya."

Mwisho wa mtaa alikaa mnunuzi wa chakavu ambaye watu walimwita Kaka Mizani, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha mbele kama bomba, kwa sababu haukunjiki. Kaka Mizani aliigeuza ile breki. Akapitisha kidole kwenye kovu moja la chuma ubavuni.

"Umeitoa wapi?"

"Urithi."

"Wa nani?"

"Wa marehemu."

"Poleni," alisema Kaka Mizani, na akalipa bila kubishana bei.

Mnunuzi wa chakavu asiyebishana bei ni dalili mbaya kuliko mbwa asiyebweka, na siku nyingine Siagi angeshtuka. Lakini kichwani mwake mlikuwa na bahasha tu.

Jioni ile alitengeneza breki mpya. Alichukua ganda tupu la mashine isiyojulikana, akalijaza mchanga na saruji ili lipate heshima ya uzito, akalipaka rangi nyekundu, akabandika karatasi yenye maandishi ya kigeni aliyoibandua kwenye friji bovu. Ilikuwa breki nzuri sana kuitazama. Kesho yake akapanda jukwaani, akaifunga, akashuka akijifuta jasho, mkono mmoja ukielekea bahasha.

Mama Vyuma hakuutazama mkono. Alimtazama dereva, na dereva, aliyekuwa ameiangalia breki ile mpya kwa muda mrefu, akatazama pembeni.

"Leta ndoo," alisema Mama Vyuma.

Ikaletwa ndoo ya kubebea vyuma, kubwa kama chumba cha kupanga, ikafungwa kwenye ndoano ya winchi.

"Panda, injinia."

"Nipande wapi, mama?"

"Kwenye ndoo. Hapa kwetu anayegusa breki ndiye anayeinuliwa nayo kwanza. Utaratibu wa marehemu baba. Zamani alikuja fundi mmoja mwenye haraka kama wewe, akafunga, akalipwa, akaondoka. Mzigo ulishuka wenyewe, ukamkalia kaka yangu mguuni. Tangu siku hiyo, fundi hupanda kwanza, halafu hulipwa."

"Hata mimi nilipanda," dereva alisema kwa upole. "Kule juu kuna upepo mzuri."

Siagi akatazama juu. Winchi ilikuwa ndefu kuliko alivyokumbuka. Akaona ule mchanga, ile saruji, ile karatasi ya friji, na chini yake akajiona yeye. Kusema kweli hakuwa amewahi kufikiria kwamba chini ya winchi hupita watu. Alifikiria shaba tu. Sasa aliogopa kikweli.

"Leo haiwezekani," alisema. "Rangi haijakauka."

"Breki inashika kwa rangi?"

"Hizi za kisasa, mama, ndiyo. Na hii nyekundu naona haiendani na winchi yako. Nitaleta nyingine kesho."

Mtu mwenye akili angepanda pikipiki na kwenda moja kwa moja hadi mji mwingine. Siagi alikuwa na akili, ila bahasha ilikuwa imetuna. Tamaa mbele, mauti nyuma, wamesema wahenga, na Siagi alijiona ana mwendo wa kutosha kupita katikati. Akakimbia kwa Kaka Mizani.

Breki ilikuwa palepale, haijaguswa.

"Nimebadilisha mawazo," Siagi alisema. "Urithi hauuzwi. Marehemu amenijia ndotoni."

"Amekujia mchana?"

"Nilisinzia."

"Basi na mimi jana nilisinzia, nikaota bei imepanda."

Walivutana mpaka Siagi akaishiwa siagi. Alirudisha malipo ya shaba, akaongeza malipo ya kwanza ya Mama Vyuma, na Kaka Mizani bado alikuwa anatikisa kichwa na kuitazama pikipiki. Siagi akafanya hesabu ya wajanja: bahasha ile hununua pikipiki na kubakisha. Akamkabidhi ufunguo. Akaibeba breki begani hadi nyumbani, akakesha akiisugua kwa brashi na petroli, kila kona, kila pindo, mpaka kutu na uchafu wa miaka vikatoka, kisha akaipaka rangi ya bluu.

Kesho yake, karibu na mchana, ilifungwa. Dereva alimsaidia kukaza nati, midomo ikimcheza kwa kicheko alichokizuia. Siagi akaingia ndani ya ndoo na kofia yake nyeupe.

Ndoo ikapaa. Alifumba macho na kuwaombea msamaha watu wengi, wengine kwa majina. Ilipofika juu kabisa ikasimama, ikatikisika kidogo, ikatulia. Hakukuwa na mlio.

"Ajabu," Mama Vyuma alisema huko chini. "Hailii tena."

Ni kweli. Breki ilikuwa ikilia kwa uchafu, na Siagi alikuwa amekesha akiutoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya kazi ya halali, tena nzuri, bila kukusudia hata kidogo. Akafumbua macho. Dereva alisema kweli kuhusu upepo. Aliona yadi nzima, aliona mtaa, akaona pikipiki nyekundu inakuja, na juu yake mtu mmoja, mguu umenyooka mbele kama bomba.

Pikipiki ikaingia getini. Hakuna aliyemuuliza nani amemfungulia.

"Kaka, chakula kinapoa," Mama Vyuma alimwambia.

Siagi akaushika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

"Mama," aliita. "Huyo ni kaka yako?"

"Wa tumbo moja. Breki hiyo ndiyo iliyofungwa baada ya mguu wake kuumia. Angeisahau vipi? Juzi kabla hujamaliza mtaa alishanipigia simu." Mama Vyuma akacheka kidogo. "Na mimi nilikuwa nimeshakuamini, mwanangu. Nusu bei ilinipofusha, sikatai."

"Basi nishusheni tuongee."

"Tutaongea. Kuna mashine nyingine nne humu zenye breki chafu. Ukizisugua kama ulivyoisugua hiyo, pikipiki yako utaiona. Na kila moja utaipanda kwanza." Funguo zikalia kiunoni, akaanza kutembea kuelekea ukutani. "Sasa ni saa ya kula."

Siagi akakumbuka neno la mhudumu wa mkahawa. "Mama, usizime hiyo swichi. Mama, nakuomba, nitaanguka."

"Dereva alikueleza inavyofanya kazi. Hukumsikiliza?"

Swichi ikashuka. Yadi nzima ikanyamaza. Siagi akajikunja ndani ya ndoo, akabana meno, akasubiri kuanguka. Upepo ukapita. Ndoo haikusogea hata kidogo. Springi ndiyo inayobana, usiku na mchana. Alikumbuka sasa, neno kwa neno, sauti ya dereva ikieleza na yeye akiuliza uzito.

Chini, sahani zilikuwa zinagongana na vijiko. Siagi akachungulia taratibu, macho tu, chini ya kofia.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake. "Hii itashika mpaka mmalize kula?"

Mama Vyuma alimeza tonge, akafuta vidole.

"Muulize fundi aliyeifunga."