Nitafika Buffalo kwa Meli

Jumatatu, 6 Julai 2015. Beechmont, Louisville.

Ulimi huu utaniua! Jana Mama kapiga simu kutoka Buffalo. Habari zote ni Rurangwa. Rurangwa kanunua Corolla. Rurangwa anaendesha foklifti, ile mashine ya kubebea mizigo. Rurangwa kaombewa mbele ya kanisa zima. Rurangwa huyu nilikua naye kambi ya wakimbizi, alikuwa anakimbia bata! Kichwa kikanipanda moto. Bon, nikasema mimi nafanya kazi kwenye meli. Akauliza meli gani. Kituo cha basi nilipokuwa nimesimama kilikuwa na tangazo: meli ya mbao, mfano wa ile ya wavumbuzi wa kale waliovuka bahari. Sasa iko Columbus, Jumamosi itakuwa Buffalo kwa sherehe ya mto. Nikasema hiyo hiyo. Nikasema Jumamosi nitashuka nayo.

Mama akapiga vigelegele! Sikio langu bado linawasha.

Leo kapiga tena. Kanisa zima litakuja mtoni kunipokea, kama tunavyopokea wageni uwanja wa ndege. Kwaya, ngoma, chupa za chai. Kanisa zima! Na mimi kazi yangu ni kukunja maboksi ghalani.

Tangu nihame Buffalo, wamama wenzake wanamuuliza, mwanao anafanya nini huko? Anajibu, yuko tu. Sasa amepata jibu. Nisiposhuka melini Jumamosi, aibu si yangu. Ni yake.

Jumanne, 7 Julai.

Theogene, ninayeishi naye, kaangalia ramani kwenye simu. Anasema kaka, kati ya Columbus na Buffalo hakuna mto wa kupitisha hata sufuria. Nikamwambia ramani zinachorwa na watu wa ofisini. Wavumbuzi hawakuwa na ramani na walifika. Akasema walifika mahali ambapo hawakuwa wanaenda. Mtu hakumaliza hata darasa la sita! (Mimi nilimaliza, kasoro mtihani.)

Nimemwomba bosi ruhusa, nikasema nina harusi. Akauliza ya nani. Nikasema bado.

Jumatano, 8 Julai. Columbus.

Nimeshuka basi, nimeshtuka. Meli ni ndogo! Wavumbuzi walivuka bahari na kitu hiki? Choo cha ghala letu ni kipana zaidi.

Mkubwa wa meli ni mama wa Kimarekani, mrefu, kofia ya nahodha, sauti ya mhubiri. Alikuwa anatembeza watoto wa shule, nikajiunga nyuma yao. Kiingereza chake nilikishika karibu chote. Kasema kwenye safari ile ya kwanza kijana mmoja alizamia, akajificha chini ya matanga tumboni mwa meli. Walimkuta wako mbali baharini. Nahodha alitetemeka kwa hasira, akampa brashi asugue sakafu hadi mwisho wa safari. Baadaye kijana akawa nahodha mwenyewe. Nikainua mkono, nikauliza kama alifungwa. Akasema hapana. Nikauliza tena, lakini akawa nahodha? Akasema ndiyo.

Inatosha.

Kwanza nilifuata njia ya haki, nikaomba kazi. Kasema watu wametosha, leo wanafunga mapema. Bon. Waliingia watoto ishirini na wanane na mimi. Wakatoka watoto ishirini na wanane.

Niko chini ya matanga. Nina maandazi sita ya Theogene. Yeye bado hajui.

Alhamisi, 9 Julai. Baharini!!!

Asubuhi wimbi! Yesu wangu! Limeinua meli nzima juu, juu, juu, likaishika hewani, likaitua taratibu. Wimbi lenye adabu hivyo sijawahi kusikia. Kisha minyororo, kisha radi juu ya kichwa, kisha ngurumo ya injini. Sasa bahari tambarare kabisa. Sijatapika hata kidogo. Kumbe mimi ni baharia wa kuzaliwa.

Mama kapiga. Nikamwambia tuko katikati ya maji. Pale pale honi ikalia, kama ya lori. Mama akashtuka. Nikamwambia ni nyangumi. Nikamsikia anawasimulia wamama wengine.

Ijumaa, 10 Julai. Sijui wapi.

Nimefungua kitundu cha kupigia mzinga ubavuni nione visiwa.

Ng'ombe.

Mweusi, mabaka meupe, kiwele kikubwa ajabu. Sisi watu wa milimani ng'ombe tunamsifu kwanza, maswali baadaye. Nikamsifu kwa sauti. Pembe wamemkata, sikupenda. Ndipo akili ikanirudia. Ng'ombe anafanya nini baharini? Nyuma yake kituo cha mafuta! Pembeni yangu gari, mtoto ananipungia mkono!

Mungu wangu, tuko barabarani. Meli imepanda lori! Wimbi lile lilikuwa mashine ya kunyanyulia. Radi ilikuwa milingoti wanailaza.

Theogene kapiga kuhusu maandazi. Akauliza kama maji yamepatikana. Nikamwambia kiasi.

Nimelia kidogo. Halafu nikafikiri: mvumbuzi gani aliwahi kuzamia meli akasafiri kwa lori? Ni mimi wa kwanza!

Jumamosi, 11 Julai. Riverside, Buffalo.

Sijui nianzie wapi.

Lori likafika kando ya mto Niagara, likapunguza mwendo. Nikachungulia. Migongo! Kanisa zima limesimama kwenye majani, macho kwenye maji, linaimba. Mama mbele kabisa, mushanana mweupe, vazi letu la sherehe, kibuyu cha maziwa mkononi. Na mimi napita nyuma yao! Nikaita Mama! Ngoma ikanimeza. Mchungaji Eliezer peke yake akageuka. Akaitazama meli barabarani, akafuta miwani, akarudi kutazama maji.

Lori likaingia uwanjani, hatua chache mbele. Mlango wa tumbo ukafunguliwa. Uso wa kwanza: Rurangwa! Wamemkodi na foklifti yake kushusha vyombo. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. Akauliza mimi ni mzigo au takataka, ajue pa kuniweka.

Mama nahodha akaja. Akapiga yowe. Akatoa simu, polisi! Nikamwambia Rurangwa, ndugu yangu, si kwa ajili yangu. Mama yuko pale na maziwa.

Rurangwa akasikiliza ngoma. Akavua kizibao chake cha rangi ya machungwa, akanivalisha. Kisha akaongea na mama nahodha Kiingereza kirefu, cha haraka. Nilishika neno moja tu, mama. Yule mama akatazama watu mtoni. Akarudisha simu mfukoni. Akanipa brashi, nisugue sakafu yote hadi kesho jioni.

Hapo ndipo kanisa lilipogeuka. Wakaniona juu ya meli, kizibao, brashi, nahodha ananionyesha kwa kidole. Wakauliza anasema nini. Rurangwa akatafsiri kwa sauti: anasema sakafu yote ya meli hii iko mikononi mwake!

Vigelegele! Mama akaninywesha maziwa, mengine yakamwagikia kidevuni, analia, anacheka. Mama yake Rurangwa akaja kumshika Mama mkono. Mchungaji Eliezer akauliza meli imefikaje nchi kavu.

Nikamwambia nimeiegesha.

Jumapili, 12 Julai.

Mgongo umekufa. Baada ya ibada Rurangwa kaja kusugua upande wa pili, bila kuombwa. Nimemshukuru moyoni. Kwa mdomo nimemwambia anasugua vibaya.

Mama nahodha kasema nikirudia ni polisi, hakuna mjadala. Nimeinua mkono, nimeapa.

Donc, jioni Mchungaji Eliezer kaja na wamama. Kwaya ina mkutano Columbus juma lijalo. Wamesikia meli inarudi huko. Je, nafasi ipo? Wamama wote wakamtazama Mama. Mama akanitazama mimi.

Nikasema ipo tele. Rurangwa alipaliwa na chai.

Nimeshuka tumboni kupima. Chini ya matanga wanaingia kumi na wanne, wakikunja magoti. Ngoma ataipakata Mchungaji.