Kikopo cha Ndambiri

Jumatatu, 5 Machi 2018

Miaka sita ya ndoa, mtoto hakuna. Mke wangu Rwamba amepimwa hospitali ya Embu, yuko sawa. Sasa daktari anataka mbegu zangu kwenye kikopo. Zangu! Mimi Ndambiri, niliyepandisha nusu ya ng'ombe wa Karurumo kwa mrija wa mbegu! Nikipatikana na kasoro, nani ataniita zizini kwake? Rwamba akasema bila majibu kufikia Ijumaa, anarudi kwao. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 8 Machi

Nimepata akili! Kwenye tangi langu la kazi mna mbegu zilizogandishwa za fahali wa Frizian, baba wa mamia ya ndama. Nimeyeyusha mirija minne, nikajaza kikopo, nikakibana kwapani hadi Embu. Nelius wa maabara akanisifu kwa kuwahi. Nimejinunulia nyama choma.

Ijumaa, 9 Machi

Aibu! Kumbe Nelius alichungulia kwenye darubini, akamwita daktari achungulie pia. Daktari akaniuliza polepole, Rwamba akisikia:

"Bwana Ndambiri, huyu ng'ombe ni wa nani?"

Eti vichwa vya mbegu havifanani na vya watu. Eti mna kiini cha yai. (Ndicho huchanganywa na mbegu za fahali zisiharibike zikigandishwa. Nilisahau!) Rwamba akacheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikaomba kikopo kingine.

Jumatatu, 12 Machi

Zangu ni chache, na nyingi zimelala. Daktari akanipima kwa mkono. Siandiki zaidi. Mishipa ya korodani ya kushoto imevimba, damu inatuama, joto linadhuru mbegu. Wengine huharibiwa na matubwitubwi ya ukubwani, maambukizi, homoni au mirija ya mbegu iliyoziba. Kasoro yangu inatibika kwa upasuaji mdogo. Nikauliza kama kukaa kwenye maji baridi ya mto Thuci hakutoshi. Hakutoshi.

Jumatano, 21 Machi

Nimepasuliwa. Wateja nimewaambia ni ngiri. Rwamba alinishika mkono mpaka nikalala. Hakurudi kwao.

Jumatatu, 5 Novemba

Rwamba ana mimba ya miezi mitatu! Nimelia zizini kwa mteja, nikasingizia moshi. Kaka yake, shemeji Muturi, naye ameitishwa kikopo na anatetemeka. Nimemtuliza: asihangaike, nitamjazia mimi. Safari hii ni za binadamu kabisa. Nelius ataona nini?