Kapasita Ishirini na Tatu za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya baba mkwe imegoma kuwaka. Ni kuukuu kuliko ndoa yangu. Ndani yake mna historia ya ukoo, miaka sita ameichapa kwa vidole viwili, na Jumapili anatakiwa kuisoma mbele ya ukoo mzima. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, akasema ataitazama Jumamosi. Nikadakia kwamba mimi naondoka nayo sasa hivi. Yeye anaitwa "mwanangu" na mzee. Mimi naitwa "mume wa huyu". Miaka kumi na moja! Wiki hii ndiyo mwisho.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua. Ugonjwa nimeuona kwa macho: kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, vimevimba vichwa. Vingine vinatoa udenda wa kahawia. Fundi redio wa pale kona kanipa vipya, akanionya nikariri kwanza mguu upi wa kila kimoja ni hasi, maana ukigeuza, kinapasuka. Nikaitikia kama mtu aliyeyajua hayo kabla fundi hajazaliwa. Mke wangu akauliza kwa nini nisimwite mwanyumba. Nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeng'oa zote ishirini na tatu. Kazi safi! Kisha nikapiga picha ya ubao, nisije nikasahau zilivyokaa.
Kisha.
Picha ina matundu arobaini na sita, yote yananitazama. Kurudi kwa fundi ni aibu. Bahati nzuri, kila penye kapasita pamechorwa duara, nusu nyeupe, nusu tupu. Nimekaa, nimefikiri. Nyeupe ni jambo jema. Jema ni chanya. Nimemaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechomelea zote, zimesimama kama askari kwenye gwaride. Nikamwalika mwanyumba aje ashuhudie, makusudi kabisa, aumie roho. Akaja na shati lake la pasi. Nikawasha.
Ya kwanza ikapasuka tukadhani ni mlango. Ya pili ikampita mwanyumba sikioni. Mke wangu alichomoa waya ukutani zikiwa zimefika saba, na nyumba nzima inanuka samaki aliyesahaulika. Kumbe nyeupe ni hasi!
Hapo nikaogopa kweli. Miaka sita ya mzee. Nikakaa sakafuni.
Mwanyumba akauliza taratibu diski iko wapi. Nikamwonyesha juu ya kabati, niliitoa Jumanne kwa sababu ilinizuia mkono. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema historia yote imo humo, salama, na kwamba angeinakili Jumamosi kwa dakika kumi, bila kugusa kapasita hata moja. Nikamwambia huo ndio uliokuwa mpango wangu. Mke wangu akatoka nje.

Jumapili, 9 Machi
Mzee amesoma kurasa tisini, alizochapishiwa na mwanyumba kutoka kwenye ile diski. Mwanyumba kapigiwa makofi, kaketi kiti cha mbele. Mimi nilipewa kazi ya kupanga viti.
Baadaye mzee akanishika mkono mbele ya watu wote.
"Mwanangu," akasema, "kitu changu chochote chenye waya, usikiguse tena."
Mwanangu! Mbele ya mashangazi wote! Nimelia kidogo, sioni haya. Mke wangu anadai nimesikia neno moja tu kati ya yote. Uongo. Nimeyasikia yote, tena kwa makini. Ndiyo maana nimeondoka na saa yake ya ukutani, ile ya marehemu babu yao. Inachelewa dakika nne, na haina waya hata mmoja. Nimeshaifungua. Ina springi nyingi kuliko nilivyotegemea, moja imeruka dirishani, lakini hizi zilizobaki nimezipiga picha.