Daraja Langu na Taa Nyekundu

Jumatatu, 6 Februari

Wiki ya tano katika bunge la jimbo. Nimeshazoea. Leo watu wawili wameniita Mheshimiwa kabla hata sijapangusa theluji mabegani, na mmoja wao wala si mlinzi wa mlangoni.

Habari kubwa: muswada wangu wa kwanza umepangiwa Ijumaa! Daraja la Kijito cha Ruud, pale kwetu Nordby. Limefungwa tangu vuli iliyopita, limechakaa. Basi la shule linazunguka maili thelathini na moja. Ambulensi nayo vivyo hivyo. Dereva wa basi ni mke wangu Ardis, kwa hiyo habari za daraja nazipata asubuhi, mchana na jioni. Wakati wa kampeni niliwaambia watu: nipeni kiti, nitawapa daraja. Dwight Kvamme, muuza matrekta, niliyemshinda kwa kura kumi na tisa, anatangaza kila mahali kwamba siliwezi. Thubutu!

Jirani yangu wa meza ni Mheshimiwa Verna Pfeifle. Umri miaka sabini na saba, vipindi kumi na kimoja humu ndani. Ni wa chama kile kingine, lakini hugawa karanga, namsamehe. Leo kaninong'oneza siri ya bunge hili. Mbunge mgeni akileta muswada wake wa kwanza, wenzake hubonyeza kitufe chekundu wote. Ubao wa kura unawaka nyekundu tupu, mgeni anatokwa jasho, anaulizwa maswali ya kipuuzi. Halafu, kabla Spika hajafunga kura, wote wanageuza kijani na kupiga makofi. Mgeni akikasirika, atataniwa mpaka astaafu. Akicheka, basi ni mwenzao. Kisha Verna akaongeza jambo, kwamba utani huo haufanywi kabisa kama kamati imeshasema sijui nini. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nachambua korosho kwenye karanga zake.

Yanatosha niliyosikia. Sitatokwa jasho hata tone.

Jumanne, 7 Februari

Nimekwenda mbele ya kamati. Mwenyekiti ni Lonnie Buchholtz, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Akauliza magari mangapi yalikuwa yakipita darajani kwa siku. Nikang'amua papo hapo: utani umeanza mapema! Nikamjibu kwamba inategemea kama ng'ombe nao wanahesabiwa. Akauliza kwa nini kaunti isilitengeneze yenyewe. Nikamwambia kaunti imelala, tusiiamshe. Nilicheka peke yangu. Wao walijikaza, kope hazikutikisika. Watu wana nidhamu hawa!

Mwishowe wakapiga kura, kumi na wawili kwa wawili, muswada uende ukumbini na maneno haya juu yake: usipitishwe.

Kumi na wawili! Wananipenda kuliko nilivyodhani.

Verna alinikimbilia kwenye korido akihema. Akasema hili si la mzaha, kamati ikishaandika usipitishwe ndiyo basi, nitafute takwimu, nilete watu wa Nordby, nizungumze na wabunge mmoja mmoja kabla ya Ijumaa, yeye atanisaidia. Nikamkonyeza. Kumbe naye yumo! Bibi mzima, na anavyojua kuigiza!

Ardis alipiga simu. Ameandika daftari zima: kila safari ya basi, dakika ngapi, mtoto gani kapandia wapi, na siku ile ambulensi ilipochukua dakika hamsini kumfikia mzee Tollefson. Anataka kulileta mwenyewe, maili mia na sitini juu ya barafu. Nikamwambia asijisumbue, mambo yote yako mkononi mwangu. Akauliza mkono upi.

Alhamisi, 9 Februari

Matayarisho. Desturi ni kwamba mgeni hugawa kitu kitamu. Nimeweka peremende za karameli kwenye meza zote tisini na nne, kila moja imefungwa karatasi yenye picha ya daraja. Picha haikutoka vizuri. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama hiyo ni meza iliyovunjika.

Nimefanya pia mazoezi ya kuinama kupokea makofi, mbele ya kioo, chooni. Buchholtz aliingia akanikuta nimeinama. Akatoka bila kunawa.

Hapo hapo kwenye kioo ndipo lilipokuja wazo kuu. Wakibonyeza nyekundu, nami nibonyeze nyekundu! Kwenye muswada wangu mwenyewe! Watavunjika mbavu. Hakuna mgeni aliyewahi kufanya hivyo katika historia ya bunge hili, nina hakika, ingawa sijamuuliza mtu.

Ijumaa, 10 Februari



Nilisimama, nikasema sentensi tatu, nikakaa. Buchholtz akasimama. Hakuna takwimu, akasema. Hakuna shahidi. Hakuna hata mtu mmoja aliyetoka Nordby. Akasema Mheshimiwa huyu anadhani amekuja kilabuni. Nikampigia makofi. Maswali yakamiminika, nikayajibu yote kwa vichekesho, na kimoja kuhusu mama mkwe kilikuwa kizuri sana. Kisha Verna akainuka kunitetea. Sauti inamtetemeka. Mara watoto kwenye barafu, mara ambulensi. Nikamvuta sketi nikamnong'oneza, "Usitie chumvi sana, wataharibu kwa kucheka."

Kura ikafunguliwa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu! Taa za kijani zilikuwepo huku na huko, nikadhani ni wale waliosahau. Nikabonyeza yangu, nyekundu. Nikainama kulia. Nikainama kushoto. Spika akauliza kama kuna anayetaka kubadili kura yake. Nikapaza sauti, "Funga tu, Mheshimiwa Spika, tumeelewana!"

Akafunga. Hapana sitini na mbili, ndiyo thelathini na mbili. Muswada umeanguka.

Nikasubiri makofi. Karani akasoma muswada unaofuata, wa magugu ya shambani. Nikaendelea kusubiri. Wakajadili magugu. Wakapitisha magugu. Nilikuwa bado nimesimama Verna aliponivuta koti nikakaa.

Jumamosi, 11 Februari

Nyumbani Nordby. Redio ilinitangulia: mbunge wetu kapiga kura ya kulikataa daraja lake mwenyewe.

Nikaingia mgahawani kama kawaida, uso juu. Nikaagiza knoephla, ile supu ya viazi na madonge ya unga. Nililetewa madonge mawili. Siku zote huwa kumi! Hakuna aliyeniamkia. Dwight Kvamme akawanunulia watu wote kahawa, akaruka kikombe changu, akasema kwa sauti ya mnada kwamba uchaguzi ujao anagombea, na kwamba ananishukuru kwa kumpigia kampeni bure. "Yaguju, Mheshimiwa!" Watu wakacheka. Nikajitia hamnazo, nikanywa supu. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Ardis hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema binti mdogo wa akina Lindvall, miaka sita, hulala kwenye kiti cha basi, na yeye humfunga mkanda mara mbili asianguke kwenye kona. Jumatatu mtoto huyo ataamka saa kumi na moja alfajiri tena, na Jumanne, na mwaka mzima, kwa sababu mume wa dereva aliona raha kuinama. Akaenda kukamua mopu.

Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: niliumia. Niliumia kweli. Nilikwenda kusimama gereji dakika ishirini, nikitazama jembe la theluji.

Kisha Verna akapiga simu. Alianza kwa kucheka mpaka akakohoa. Halafu akanieleza kanuni. Muswada ukianguka, kura inaweza kurudiwa, lakini anayeruhusiwa kuomba ni mmoja tu kati ya walioshinda, na lazima aombe siku ya kikao inayofuata. Yeye alipiga ndiyo, hawezi. Wale sitini na mmoja waliopiga hapana hawana haja. "Lakini wa sitini na mbili ni wewe, bwege wewe! Wewe ndiye mshindi! Jumatatu uinuke, useme maneno manne: naomba tupige kura upya. Halafu ukae ufunge mdomo. Mengine tuachie mimi na mkeo."

Na mkeo? Kumbe wanaongea! Tangu Jumanne, nyuma ya mgongo wangu!

Hata hivyo, mambo yamenyooka. Moyoni nilijua tangu mwanzo kwamba ile nyekundu ilikuwa na maana yake.

Jumatatu, 13 Februari

Niliinuka. Nikasema maneno manne. Nilitaka kuongeza la tano, Verna akanikanyaga kidole gumba.

Wikendi nzima alikuwa amewapigia simu wabunge, chama chake na changu. Kwenye kila meza, palipokuwa na karameli, pamewekwa nakala ya daftari la Ardis. Na Ardis mwenyewe alikuwa kwenye roshani ya wageni, na koti lake la udereva, pamoja na wakulima ishirini na watatu. Walitoka Nordby kabla ya jua, kwa basi, wakizunguka zile maili thelathini na moja kwanza.

Wakakubali kura irudiwe. Buchholtz alisoma ukurasa wa mzee Tollefson mara mbili, nilimwona. Kisha akasimama akasema hizi ndizo takwimu alizoziomba Jumanne. Angepewa siku ile, tusingepotezeana muda. Anaunga mkono.

Hamsini na nane kwa thelathini na sita. Limepita!

Nililia kidogo. Mazulia ya humu yana vumbi. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, wote wakitazama juu kule roshani. Lakini mimi ndiye niliyekuwa katikati ya chumba, kwa hiyo niliinama kwa niaba ya wote.

Jumanne, 21 Machi

Seneti nayo imepitisha wiki iliyopita. Muswada uko mezani kwa Gavana, imebaki sahihi tu. Kule Nordby nimeshawaeleza kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, hatua kwa hatua. Supu imerudi madonge sita. Ardis alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama sana, akaenda kuwasha basi.

Nimeandaa pia semina kwa wabunge wageni: Jinsi ya Kushinda kwa Kujipinga. Bado hajajiandikisha mtu. Wanaona haya.

Mchana huu imekuja simu kutoka ofisi ya Gavana. Msaidizi wake, sauti kavu. Akasema Gavana ana mashaka makubwa na muswada, na kalamu ya kuukataa iko tayari. Kesho saa mbili kamili asubuhi nifike mwenyewe, nieleze nani atalitunza daraja likishajengwa. Nisipofika, anaukataa kabla ya chai.

Gavana mwenyewe! Wageni wote wametaniwa na wabunge, lakini nani amewahi kutaniwa na Gavana? Nikamwambia yule msaidizi amfikishie bosi wake salamu, na kwamba amejitahidi, lakini mimi si wa jana. Akauliza kama nimemwelewa. Nikamwambia nimemwelewa vizuri sana. Wamefundishwa wakafundishika!

Verna amesimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni, anauliza Gavana amesema nini. Nimemkonyeza. Ardis naye amepiga simu mara nne. Hata mke wangu wamemwingiza! Sipokei. Kesho nalala mpaka saa tatu.