Bwana Geti Alivyolishinda Gari la Taka

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, zimeni redio zenu na watulizeni watoto wenu, mpate kusikia habari nzito ya Bwana Geti, mwenye nyumba ya vyumba vinne na nondo zilizoachwa wazi juu zikingoja ghorofa, aliyelishinda gari la taka mchana kweupe, mbele ya majirani ambao hakuwa na desturi ya kuwasalimia. Wapo waliopigana na majeshi, nao wakaimbwa. Yeye alipigania viroba vitatu akiwa amevaa bukta, na mpaka leo hakuna aliyemwimba, kwa hiyo kazi hiyo imetuangukia sisi.

Nchi yake ilikuwa mtaa mpya, kule ambako lami hukoma na madimbwi huanza, ambako watu walihamia kwa kishindo wakitangaza kwamba wameikimbia bughudha ya mjini na kufuata hewa safi. Walipofika, kila mmoja alianza kwa kujijengea ukuta asimwone mwenzake, kisha akausogeza ukuta huo barabarani kidogo, hata barabara ikawa inapinda kama utumbo. Hawakujuana kwa sura. Walijuana kwa honi za magari, kwa milio ya mbwa, na kwa moshi wa plastiki ambao kila mmoja aliuwasha jioni akiamini kwamba unakwenda kwa mwingine. Taifa hilo ndilo lililomlea shujaa wetu, na kwa hakika lilimstahili.

Naye aliwapita wote kwa geti. Lilikuwa la chuma kizito, refu kuliko lori, lenye simba wawili ambao fundi aliamriwa awachomelee wakinguruma, naye akawatoa wakipiga miayo. Lilikuwa na komeo juu, komeo chini, mtaimbo wa kupachika katikati na kufuli tatu, na funguo zote zilifanana kama mapacha. Kulifungua ilikuwa kazi ya mtu mwenye pumzi.

Sasa, gari la taka lilikuwa na desturi ya kupita mara moja kwa wiki likipiga honi, nalo halikusimama kamwe. Lilijikokota tu, na utingo aliyekuwa juu yake akapokea kiroba cha aliyewahi. Na wakazi nao walikuwa na desturi ya kutotaka kuonekana na taka, kana kwamba majumbani mwao watu walikula bila kumenya. Basi kila mmoja alijificha nyuma ya geti lake akitega sikio, akingoja honi ifike hasa mlangoni pake, ndipo achomoke, arushe, arudi ndani mbio kama mwizi. Wenye vigeti vya bati waliweza. Bwana Geti, kila alipofikia kufuli ya pili, gari lilikuwa limeshakata kona.

Alishindwa hivyo wiki ya kwanza, akashindwa ya pili na ya tatu. Viroba vikajipanga mlango wa jikoni, vikatoa maji meusi na inzi wa kijani, na harufu ikaingia mpaka kwenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni za dukani. Asubuhi ya siku tunayoisimulia, mkewe aliweka begi katikati ya sebule, akalikalia.

"Baba watoto, mimi nimefika mwisho," alisema. "Gari likipita tena na haya mataka yakabaki, nachukua watoto narudi kule tulikokuwa tumepanga. Kulikuwa na kelele, lakini nilikuwa napumua."

Bwana Geti aliogopa, na aliogopa kweli. Ujana wake wote ulikuwa umefukiwa ndani ya kuta zile, tofali baada ya tofali, na aliyejengewa ndiye huyo aliyekaa juu ya begi. Lakini shujaa haonyeshi hofu. Akaivuta bukta juu, akanena kwa sauti ya mkutanoni:

"Ewe mama wa wanangu, tuliza moyo wako. Leo hii nitalikabili gari lile ana kwa ana. Ama viroba hivi vitaondoka, ama mimi nitaondoka navyo. Wenye vigeti vya bati wameringa vya kutosha, na siku ya kunyamazishwa kwao imewadia."

"Si ufungue tu mapema, ukalisubiri nje?"

"Geti langu likae wazi mchana kweupe? Watu wapite watuone tumeketi na viroba?"

"Haya," alisema mkewe, akafunga zipu ya begi.

Ndipo shujaa akajiandaa kwa vita. Aliviunganisha viroba vyote kwa kamba moja ya katani, na mwisho wa kamba akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, akaukaza, asije akamwacha askari wake hata mmoja uwanjani. Akasimama nyuma ya simba wake wawili wenye miayo, funguo mkononi, jasho likimtiririka mgongoni, akasikiliza.

Honi ikalia. Komeo la juu likasalimu amri, komeo la chini likafuata, mtaimbo ukaanguka ukamponda kidole gumba cha mguu, naye hakupiga yowe ila alitaja jambo moja kuhusu mama wa fundi ambalo historia haina haja ya kulihifadhi. Kufuli ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikakataa ufunguo wa tatu, ikakubali wa kwanza, na ya tatu ikafuata. Alipoling'oa geti kutoka matopeni na kutoka nje, kitako cha gari kilikuwa tayari mbele ya nyumba ya pili, kikiyumba na kuondoka.

Akakimbia. Enyi mnaosikia, alikimbia mwanamume yule mwenye kitambi, ndala moja mguuni na nyingine imemezwa na dimbwi, viroba vikiburuzwa nyuma yake na kuandika mstari mrefu wa maganda na maji meusi kuanzia geti lake hadi la jirani. Vitundu vya mageti vikajaa macho. Mbwa wakabweka kutoka kila ua. Na jirani yake wa ukuta wa kijani, ambaye hawakusemezana tangu mbwa wa huyu alipomaliza kuku wa yule, alipenyeza mdomo kwenye upenyo, akasema, "Jirani, unavujisha."

Kwenye dimbwi kubwa gari lilipunguza mwendo. Bwana Geti akakusanya nguvu zote alizobakiza, akakirusha kiroba cha kwanza. Utingo akakidaka, akavuta, na kwa kuwa kamba ilikuwa moja, cha pili kikafuata, na cha tatu, na Bwana Geti mwenyewe.

"Mzee, achia kamba," utingo alimwambia.

"Imekaza. Mwambie dereva asimame."

"Likisimama linazima, stata imekufa. Na likizima ni la kusukuma, na mtaa huu hamna mtu anayeweza kutoka nje akasukuma. Panda tu."

Basi akapanda. Na hapo ndipo mtaa ule ulipomwona katika utukufu wake, amesimama juu ya taka za watu wote, mkono umefungwa kamba, kifua mbele kama jemadari aliyeteka mji. Gari likafuata kila kona ambako kuta zilikuwa zimeila barabara, likapinda, likarudi, likapinda tena, hata akapoteza mwelekeo. Mwisho likaingia kiwanja kitupu chenye mteremko, penye mlima wa taka na kunguru, likasimama.

"Hapa ndipo penyewe," utingo alisema huku akimfungua kamba. "Likizima, linateremka lenyewe, linawaka."

Bwana Geti akatazama kule ambako mlima wa taka ulikuwa umeegemea ukuta. Kutoka juu ya gari aliona ng'ambo ya ukuta huo tangi jeusi la maji, nondo zinazongoja ghorofa, na dirisha la jikoni lenye pazia la maua ya njano. Pazia hilo alilishona mkewe.

"Tangu lini mnamwaga hapa?" aliuliza polepole.

"Tangu stata ife. Wangekuwa watu wengine wangeshatupigia kelele. Hawa hata kuchungulia hawachungulii. Wamejenga ukuta mpaka umewaziba wenyewe."

Lile neno, kwamba nyumba ile ni yake, lilifika mpaka kwenye meno, likachungulia, likarudi. Akaona jinsi habari zingesambaa, na vigeti vyote vya bati vikicheka, kwamba mwenye geti la simba ndiye analala ubavuni mwa jalala.

"Watu wengine bwana," alisema, akashuka.

Akazunguka kwa miguu njia yote ile, ndala moja, na alipofika kwake alikuta geti liko wazi na majirani wamesimama nje, jambo ambalo halijapata kutokea. Wa ukuta wa kijani ndiye aliyeuliza.

"Wanazipeleka wapi hizi taka, jirani?"

"Mbali," akanena Bwana Geti, na akanyoosha mkono upande ambao siwo. "Ni nchi ya mbali, enyi majirani, ambako mtu mstaarabu hana la kufanya. Nimeifikia kwa niaba yenu, na nimerudi."

Wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Mkewe alilirudisha begi juu ya kabati, akapiga deki mlango wa jikoni kwa sabuni nyingi, kisha kwa furaha akafungua dirisha lenye pazia la njano. Akavuta pumzi, akakunja uso.

"Mbona bado kunanuka?"

"Majirani hao," alisema mumewe. "Wachafu sana."

Naye akasadiki mara moja, kwa kuwa kila mtu mtaani mle alikuwa tayari kusadiki hivyo tangu alipohamia. Basi siku ile ihesabiwe miongoni mwa siku kubwa za dunia, na Bwana Geti aitwe Mshindi wa Gari, Mlinzi wa Ndoa, Mvuka Madimbwi. Mkewe alilifunga dirisha la jikoni, na tangu hapo wanapika kwa taa mchana.