Ukurasa wa Tisa Unaosomeka Hata Ukikatwa Vipande

Kwako Ndugu Mhariri, ambaye hatujaonana ila gazeti lako nimelipiga pasi mara nyingi kuliko mashati yangu mwenyewe,

Yah: Kuomba gazeti lirudie uandishi wake wa zamani, ule usioeleweka

Natumai nyote hapo ofisini hamjambo. Kama kuna anayeumwa, naomba awe mwandishi wa ukurasa wa tisa, na augue mafua tu, ya wiki mbili hivi, kisha apone kabisa na kuhamishiwa habari za maonyesho ya maua.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kwenye kona, baina ya fundi baiskeli na duka la madaftari, na nimekaa hapo miaka ishirini na miwili. Gazeti lako nalinunua kila asubuhi kwa kazi mbili. Kwanza nalisoma kwa sauti, wapita njia wakisimama kusikiliza. Pili, likishasomwa nalipiga pasi linyooke, nalitandaza mezani, nachora juu yake mkono wa gauni au mgongo wa koti kwa vipimo vya mteja, nakata, na kile kipande cha karatasi ndicho kinachoniongoza kukata kitambaa. Kwa hiyo kazi yenu hutundikwa kwenye misumari ya kibanda changu kwa umbo la mikono na kola za watu, na sijasikia mwandishi hata mmoja akilalamika. Kwa ajili ya ile kazi ya kwanza, mtaa umenipa jina la Msemaji. Sikulikataa.

Miaka yote hiyo mimi na gazeti lako tumeishi kwa amani. Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, mlikuwa mnaandika habari moja, ile ile ya mwaka jana. Mgeni rasmi alifungua semina. Mgeni rasmi alisisitiza umuhimu. Wadau walitakiwa kushirikiana. Chini yake picha ya watu kumi na wanane wamesimama kwenye ngazi. Nani anaruhusiwa kuomba, anaomba wapi, aende na karatasi gani, mwisho lini, hayo hamkuyagusa. Msomaji akimaliza habari ile hakuwa na la kufanya ila kuja kibandani kwangu kuuliza, na mimi sijawahi kumrudisha mtu mikono mitupu.

Majibu niliyapata kwenye vichwa vya habari. Macho yangu yamechoka, herufi ndogo nazikisia. Mlipoandika WADAIWA WA MIKOPO KUSAKWA, nikajazia mwenyewe kwamba anasakwa hata baba mtu, pamoja na nyumba ya baba mtu. Mlipoandika YATIMA KUPEWA KIPAUMBELE, nikawaambia wenye wazazi wawili wasijisumbue. Niliyasema hayo kwa sauti ya chini, nikitazama huku na huku, kama mtu aliyenong'onezwa na mkubwa fulani. Debe tupu haliachi kuvuma, na langu lilikuwa barabarani kabisa.

Sasa nakuja kwenye malalamiko yangu.

1. Jumanne, wiki tatu zilizopita, gazeti lako lilichapisha katika ukurasa wa tisa makala yenye kichwa "Mkopo wa Elimu ya Juu, Hatua kwa Hatua". Nilitafuta mgeni rasmi kuanzia juu hadi chini, hayumo. Nilitafuta wadau, hawamo. Badala yake mwandishi wako alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za mikopo, akapanga foleni na wanafunzi, akauliza, akaandika alichojibiwa. Amesema fomu haiuzwi. Amesema mwenye wazazi wawili anaomba kama mwenye mmoja. Ameweka hata namba ya simu ya kuulizia, na mimi niliipiga nikitumaini haipokelewi. Ilipokelewa na mama mmoja mpole sana. Nikakata.

2. Makala hiyo ilichapwa kwa herufi kubwa, ndani ya boksi. Niliisoma bila miwani, bila kukisia, na nilipofika mwisho nikagundua kwamba katika mambo tisa ninayowaambia watu kuhusu mikopo, la kweli ni moja, kwamba mzazi hutia sahihi. Mtu wa makamo hapaswi kufanyiwa hivyo saa moja asubuhi, kabla hajanywa chai. Herufi za kawaida zingenipa nafasi ya kutokuelewa.

3. Hili ndilo zito. Siku hiyo sikuisoma makala ile kwa sauti. Niliwasomea watu habari ya mpira, kisha nikachukua mkasi. Kwenye ukurasa wa tisa nikakata mikono miwili ya gauni la mkunga, mgongo wa kizibao cha karani wa mahakama, kola, mifuko na vikorokoro vyake, jumla vipande kumi na kimoja, nikavitundika kila kimoja kwenye msumari wake. Nikajua mambo yamekwisha.

Kumbe mwandishi wako ana tabia ya kuandika kila aya ikijitosheleza. Makala za zamani ukizikata zilikufa, kwa kuwa hata nzima hazikuwa na uhai. Hii kila kipande kiliendelea kusema. Binti yangu, kitinda mimba, ambaye alimaliza sekondari akafaulu vizuri na tangu hapo ananisaidia kushona vifungo, alivishusha vile vipande Jumamosi mchana nilipokwenda kununua zipu. Niliporudi nilimkuta ameviunganisha mezani kwa pini, ukurasa mzima, umekosa upana wa vidole viwili tu kwenye shingo, na anaandika kwenye daftari. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, huu mkono wa mkunga una mambo mengi kuliko ulivyoniambia."

Wahenga walisema kikulacho kiko nguoni mwako. Nadhani walikuwa mafundi cherehani.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu picha ya mwandishi wako iliyotoka juu ya makala, ambayo niliiona ina dharau. Nimeitazama tena leo. Ni msichana tu anayecheka, umri wa binti yangu au amemzidi kidogo.

5. Gazeti lako linauzwa kwa watu wengine pia, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Jirani yangu fundi baiskeli, ambaye kwa kawaida hulisikiliza kutoka kwangu bure, safari hii alinunua lake. Alikuja siku tatu baadaye na suruali ya kupunguza urefu, ameizungushia ukurasa wa tisa. Akasema, "Fundi, punguza vidole viwili, haraka sina." Akaondoka. Nilipoifungua suruali nikaona sentensi moja imepigiwa mstari kwa kalamu, ile inayosema kwamba deni ni la mwanafunzi mwenyewe, na nyumba ya mzazi haiguswi.

Inabidi nieleze, ingawa si kawaida mlalamikaji kujieleza. Miaka miwili iliyopita kifungua mimba wa jirani huyu alipata nafasi ya chuo kikuu, fani ya umeme. Jirani aliniuliza kuhusu mkopo. Nilikuwa nakunja pindo, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia mtoto akishindwa kulipa, wanakuja kuchukua nyumba. Nyumba yake ina vyumba viwili, na katika kimoja anaishi mama yake mzazi. Akashukuru. Fomu haikujazwa, na yule kijana tangu siku hiyo anabeba makreti kwenye ghala la soda. Jirani hajawahi kunilaumu kwa sababu hakujua kuna cha kulaumu. Sasa anajua, na aliyemjulisha ni wewe, Ndugu Mhariri. Suruali nimeikunja, nimeipiga pasi, ina wiki mbili kwenye rafu. Nashindwa kuvuka hatua sita kumpelekea. Naona aibu, na aibu hiyo naidai kwako.

6. Binti yangu ameshajaza maombi kwenye kibanda cha kompyuta. Fomu iliyochapwa iko mezani pangu ninapoandika haya, chini ya chaki, na zinahitajika sahihi mbili, ya mzazi na ya shahidi, mkazi wa mtaa asiye ndugu, anayethibitisha kwamba anamfahamu mwombaji. Mwisho wa kuituma ni kesho Ijumaa, saa kumi jioni. Ina siku nne sijaitia sahihi. Nimemwambia kalamu imekauka. Jana Jumatano akaninunulia kalamu.

Mama watoto amenishauri nisitafute sababu za mbali. Alisema, "Wewe humzuii kwa sababu ya mkopo. Unamzuia kwa sababu ya sindano." Jambo hili ni la nyumbani, lakini kwa kuwa nimeamua kukulaumu kwa yote, hili nalo nalileta. Tundu la sindano sijaliona kwa miaka mitatu sasa. Binti yangu ndiye anayepitisha uzi. Kila asubuhi huniandalia sindano kumi na mbili zenye nyuzi za rangi mbalimbali, huzipanga kwenye kipande cha sponji, na siku nzima wateja wanadhani fundi bado ana macho. Akienda chuo, nani atanipangia? Na jioni tukifunga kibanda nitazungumza na nani njia nzima? Makala yako ilitaja karatasi zote anazotakiwa mwanafunzi kuambatanisha, lakini hakuna mstari hata mmoja wa kumwambia baba afanyeje. Hili ni pengo kubwa katika taaluma yenu.

Kwa kuwa maji yamenifika shingoni, nimechukua hatua. Nimemwelekeza binti yangu kwamba shahidi anayefaa kuliko wote ni fundi baiskeli. Nimemtuma huko nikijua atakataliwa, na atakayemkatalia ana haki zote za kumkatalia. Hivyo lawama itakuwa ya jirani, sahihi yangu haitahitajika, na mimi nitabaki baba mwema aliyejaribu. Ninapoandika mstari huu ameshaingia kwa jirani. Ninasikia pampu ya baiskeli imenyamaza.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Habari za mikopo ya wanafunzi zirudi kwa mgeni rasmi. Zikilazimika kuwa na ukweli, uwekwe katikati ya sentensi ndefu, kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchicha, karibu na matangazo ya zabuni. Tarehe ya mwisho itajwe ikishapita, kama ilivyokuwa desturi. Namba ya simu ipunguzwe tarakimu moja. Na mwandishi husika afundishwe kutopanga foleni, kwani foleni ndiyo iliyomharibu. Mkishindwa yote haya, basi chapisheni gazeti kwa karatasi isiyokatika.

Nisalimie mchora katuni, mpiga chapa, wauzaji wote wa barabarani na mlinzi wa getini. Nisalimie mama yule wa namba ya simu, kama mnafahamiana, na umwambie aliyemkatia ni mimi. Mama watoto naye anakusalimu, anasema uendelee hivyo hivyo. Salamu hizo nazifikisha kama zilivyo, bila kuziunga mkono.

Ni mimi, niliyepunguza urefu wa mengi yasiyonihusu,

Fundi Cherehani wa Kona
(Msemaji, mpaka hapo mtaa utakapoamua vinginevyo)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari imekunjwa nikaifungua tena. Jirani amekuja. Ameileta fomu mwenyewe, binti yangu yuko nyuma yake. Ametia sahihi. Pembeni ameacha alama ya kidole gumba cha grisi, akaomba radhi kwa uchafu, mimi ndiye niliyeombwa radhi. Nilimpa suruali yake. Aliipokea, akabaki amesimama, kisha akaniuliza kama alivyoniuliza miaka miwili iliyopita, kwa sauti ile ile, "Fundi, yule wangu mkubwa, muda umeshapita, au bado anaweza kuomba?"

Ndugu Mhariri, jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari, refu, lina hata jina la ofisi. Nikalimeza. Nikamwambia sijui. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walinitazama, kwa maana neno hilo halijawahi kutoka katika kibanda hiki. Nilimwambia sijui, na kwamba lile la nyumba nililitunga mwenyewe, na kwamba nitauliza.

Nami nimetia sahihi, kwa kalamu aliyoninunulia. Fomu imekwenda kutumwa kabla hujaisoma barua hii.

Kwa hiyo maombi yangu yote hapo juu yafute, bakiza salamu. Namba ile nimeipiga tena ila wameshafunga, na kesho nitapiga tena, lakini nataka jibu lisomwe na mtaa mzima, kwa sababu sikumwambia jirani peke yake. Naomba umtume yule msichana akapange foleni tena, aulize swali la jirani yangu. Mwanafunzi aliyepata nafasi miaka miwili iliyopita, akaacha kuomba kwa sababu fundi cherehani alimdanganya baba yake, je, bado anaruhusiwa? Aandike kwa herufi kubwa zile zile. Siku itakapotoka nitaisoma kwa sauti mara mbili, na ukurasa huo sitaukata.